Kokoto na mandhari kwenye reli ya modeli: maji kwanza, gundi baadaye

Tone la kwanza la mvua likianguka kwenye vumbi la kiangazi halizami. Linaviringika, linajivika vumbi na kubaki gololi juu ya ardhi. Mpaka vumbi lilowe kidogo ndipo maji yanaanza kunywewa, na kuanzia hapo kila tone linalofuata linapotea chini mara moja.

Aliyewahi kumwagia gundi kokoto kavu za reli ya modeli, yaani reli ndogo ya treni za mfano, ameyaona hayo mezani kwake. Gundi inajikusanya, inabeba punje, inaacha mashimo kati ya mataruma (vile vipande vinavyokingama chini ya reli na kuibeba), na kesho yake juu kuna ukoko kama wa wali na chini mchanga mkavu unaomwagika. Mita mbili zangu za kwanza ziliharibika hivyo, na nilidhani gundi ndiyo mbovu. Gundi ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni maji ya kuitangulia. Gundi hufuata njia ambayo maji yamekwisha kupita, na karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Nitatumia mfano wa kipande ninachokipenda, eneo la Voi huko Tsavo, Kenya, ambako reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, inakwenda jirani na SGR, reli mpya ya kisasa iliyofunguliwa 2017. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu pana reli mbili zenye sura mbili tofauti juu ya udongo mmoja mwekundu. Kwa uwiano wa 1:87, yaani kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87, reli ya modeli yenye upana wa milimita 16.5 ni SGR barabara: zidisha kwa 87 utapata milimita 1,435. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwa uwiano huohuo inahitaji milimita 11.5; za milimita 12 zinazouzwa tayari zinatosha kabisa.

Kabla ya kufungua chupa ya gundi

Kokoto zikishagandishwa, kurekebisha reli ni kazi ya kubomoa. Endesha treni kwanza. Iendeshe kwa siku kadhaa, mbele na nyuma, polepole na kwa kasi, na kila mahali behewa linapoyumba au kichwa cha treni kinapozima parekebishwe sasa. Nyaya za umeme zilehemiwe sasa. Ubavu wa reli upakwe rangi ya kutu sasa, kisha futa uso wa juu kabla rangi haijakauka. Wengi huiruka hatua hii ya rangi, nami naiona kuwa nusu ya uzuri wote: reli inayong'aa ubavuni hugeuza hata kokoto bora kuwa kitu cha kuchezea.

Kuchagua kokoto

Kosa kubwa la macho ni punje kubwa mno. Kokoto halisi za reli zina ukubwa wa milimita 25 hadi 60 hivi. Gawanya kwa 87, unabaki na milimita 0.3 hadi 0.7. Punje ya milimita 2, ambayo kwenye kiganja inaonekana ndogo, ni sawa na jiwe la sentimita 17. Hiyo ni reli iliyolazwa juu ya madafu.

Kokoto za dukani zipo, lakini zile nyepesi zinazotengenezwa kwa maganda ya jozi yaliyosagwa huelea zikipata maji, na anayeanza huteseka nazo. Mimi napendelea jiwe, na jiwe halina gharama. Palipo na machimbo ya kokoto za ujenzi pana vumbi la mawe linalobaki chini ya mashine. Punje zake zina kona, kwa hiyo hushikana hata kabla ya gundi. Mchanga wa mto umesuguliwa na maji ukawa duara, nao hubingirika.

Chekecha mara mbili. Chujio la chai linazuia zilizo kubwa. Zilizopita zitie ndani ya soksi ndefu nyembamba ya nailoni na uitikise nje ya nyumba. Vumbi litatoka, punje zitabaki. Kupima ukubwa hakuhitaji chombo cha maabara: panga punje 20 kwenye mstari kando ya rula. Zikichukua milimita 10, wastani wake ni nusu milimita, na hapo ndipo unapopataka. Vaa barakoa unapochekecha, maana vumbi la mawe si rafiki wa mapafu. Kisha osha kwa maji mengi mpaka yawe safi, na anika juani.

Mchanga wa ufukweni unahitaji tahadhari zaidi. Una chumvi, na chumvi hula metali. Pia pwani yetu ina mchanga mweusi wenye madini. Kule Kwale yamechimbwa kibiashara. Baadhi ya punje hizo huvutwa na sumaku, na injini ya treni ya modeli ina sumaku ndani yake. Kichwa changu kimoja cha treni kilisimama kabisa, nilipokifungua nikakuta punje nyeusi zimejipanga kwenye injini kama siafu. Tangu siku hiyo sitii kokoto yoyote mezani, hata ya machimboni, bila kuipitishia sumaku kali iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kinachonata unakitoa kwa kuchomoa sumaku mfukoni. Rudia mpaka mfuko utoke mtupu.

Kuhusu rangi, iamue ukiwa na punje zilizolowa na kukauka kwa gundi, kwa sababu nyingi hukoza. Gandisha kijiko kimoja kwenye kipande cha mbao kwanza. Kwa SGR nataka kijivu cheupe, safi. Kwa reli ya zamani nachanganya kijivu cheusi na chembe za udongo mwekundu, kwa kuwa vumbi la Tsavo limekuwa likitua juu ya reli hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kumwaga na kupanga

Fanya nusu mita kwa wakati. Kata bahasha pembeni upate mdomo mwembamba, mwaga mstari wa kokoto katikati ya reli, halafu mistari miwili nje. Kidogo kuliko unavyodhani. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni taabu.

Chukua brashi laini, bapa, yenye upana unaopita kati ya reli mbili. Sukuma, usikwangue. Kokoto zijaze nafasi kati ya mataruma na zibaki chini kidogo ya uso wake. Kisha gonga reli taratibu kwa mpini wa brashi, ukisogea sentimita mbilitatu kila mara. Punje zilizokaa juu ya mataruma zitaruka na kutua panapostahili. Zile zilizojibana kwenye ubavu wa ndani wa reli zitoe kwa ncha ya kijiti, zote. Ukingo wa gurudumu hupita hapo, na punje moja iliyogandishwa inatosha kuangusha behewa.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mimi hutumia robo saa kwa gundi na saa nzima kwa brashi. Zima taa ya chumba, weka tochi chini usawa wa reli, utazame: kila punje iliyo mahali pasipo pake itatupa kivuli. Ukiiona sasa ni sekunde moja kuiondoa. Ukiiona kesho ni kisu.

Tazama pia tofauti ya reli zako. Kokoto za SGR zina mabega yaliyokatwa sawasawa, ukingo umenyooka, na mataruma yake ni ya zege. Reli ya zamani ilitumia sana mataruma ya chuma, maana mchwa wa huko hawaachi mbao. Yana umbo la mfereji uliopinduliwa na ncha zake huzama kwenye kokoto, kwa hiyo acha kokoto zipande kidogo mwishoni mwa kila taruma. Kwenye njia za pembeni za stesheni, pale mabehewa yanapoegeshwa, kokoto na udongo vimeshaungana na ni vigumu kusema kimoja kimeishia wapi. Usinyooshe ukingo huko.

Kwenye mteremko wa tuta kokoto kavu huteleza. Hapo mpango unageuka: paka gundi nzito isiyozimuliwa kwenye mteremko kwa brashi, nyunyizia kokoto juu yake, bonyeza kidogo kwa kiganja, acha ikauke. Tabaka la pili linaweza kufuata njia ya kawaida, kwa sababu sasa lina pa kushika.

Maji

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua.

Zima umeme wa reli. Tia maji kwenye chupa ya kunyunyizia yenye mdomo wa ukungu, ongeza matone manne au matano ya sabuni ya maji ya vyombo kwa nusu lita. Sabuni inavunja ule utando unaofanya tone lijikunje gololi. Shikilia chupa kama sentimita 30 juu ya reli, na uelekeze ukungu juu hewani ili uanguke wenyewe kama manyunyu. Ukielekeza chupa moja kwa moja kwenye kokoto, upepo wake utafukua kila ulichopanga.

Pita mara ya kwanza, subiri nusu dakika, pita tena. Kokoto zitakoza rangi. Endelea mpaka rangi iwe moja kila mahali, pasiwe na doa kavu. Maji yafike chini kabisa, si juu tu.

Kama kokoto zako ni laini sana au tabaka ni nene, tumia pombe ya isopropili ya asilimia 70 kutoka duka la dawa. Idondoshe kwa bomba la sindano katikati ya reli. Huzama papo hapo bila kusukuma punje. Fungua madirisha na usiwe karibu na moto, inawaka. Spiriti za kusafishia vidonda nyingine huchanganywa mafuta, kwa hiyo dondosha kidogo kwenye kioo kwanza: ikikauka na kuacha utando wa mafuta, irudishe kabatini. Pombe hii itangulie gundi, isichanganywe ndani yake kwa wingi, maana inaweza kuifanya gundi igande vipandevipande chupani.

Gundi

Gundi ni ile nyeupe ya mbao ya kawaida, inayokauka na kuwa angavu. Epuka zilizoandikwa kuwa haziingii maji. Sifa kubwa ya gundi nyeupe kwenye kazi hii ni kwamba hulainika tena ikiloweshwa, kwa hiyo hakuna kosa lisilorudishwa.

Sehemu moja ya gundi kwa sehemu tatu za maji. Tumia maji ya vuguvugu, koroga mpaka pasibaki mabonge, ongeza matone mawili ya sabuni. Inapaswa kuwa nyepesi kama maziwa yasiyochemshwa. Ikiwa nzito kama tui la kwanza, ongeza maji.

Chukua bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yenyewe. Leta ncha karibu na kokoto mpaka tone liziguse kabla ya kuachia, usiliache lidondoke kutoka juu. Ukiwa umelowesha vizuri utaona jambo la kufurahisha: gundi haikai pale ulipoiweka, inakimbia yenyewe kati ya punje kulia na kushoto kama mafuta yanavyopanda utambi. Sogea mbele taruma moja, tia tena. Katikati ya reli kwanza, kisha mabega. Ikiacha kukimbia, simama, nyunyizia ukungu wa maji, endelea. Usiwe bahili. Ni lazima ufike mahali ambapo weupe wa gundi unaonekana umejaa kati ya punje; utatoweka ikikauka.

Futa uso wa reli hapo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Sukuma behewa moja kwa mkono upande hadi upande. Litakapogota pana punje, itoe ingali laini.

Kisha ondoka. Saa 24 kwa kawaida. Wakati wa masika pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu, mimi huacha 48. Usiharakishe kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu juu patafunga ngozi huku chini pakiwa pabichi. Ikikauka, bonyeza kwa ukucha. Pakilegea, lowesha na rudia gundi. Punje zilizobaki huru zinyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi ambayo mdomo wake umefungwa soksi, uzipate tena. Maliza kwa kusugua uso wa reli kwa kitambaa chenye pombe ya isopropili, ndipo urudishe umeme.

Gundi hii ina udhaifu mmoja: inakuwa ngumu, nayo hupeleka mngurumo wa treni kwenye ubao wa chini hata kama umetandika koki (ile ya vizibo vya chupa) chini ya reli. Anayejali ukimya atumie kimiminika cha akriliki kisichong'aa kinachouzwa kwa wachoraji, kwa uwiano uleule. Ni ghali zaidi lakini hubaki na ulaini.

Pale reli inapogawanyika

Sehemu za njia panda, zenye ndimi zinazosogea, zishughulikie peke yake, siku nyingine, ukiwa umetulia. Weka kokoto chache kuliko kwingine, na chini ya ndimi zenyewe usiweke kabisa. Paka ubao rangi ya kokoto tu. Tia tone dogo mno la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kijiti kinachosukuma ndimi ili gundi isishike hapo. Tia gundi tone kwa tone, mbali na sehemu zinazosogea na zinazopitisha umeme, na kila dakika kadhaa hadi ikauke sogeza ndimi huku na huku. Ukisahau ukalala, asubuhi utakuta zimeganda. Dawa yake ni maji ya moto na subira.

Dawa hiyohiyo hufaa ukitaka kung'oa kipande chochote: lowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, funika kwa kitambaa kilicholowa, ngoja nusu saa, kisha pitisha kisu bapa cha rangi chini ya mataruma. Reli itainuka nzima.

Ardhi

Kama umeinua vilima kwa ile sponji nyeupe ngumu inayokuja na runinga, usiigandishe kwa gundi ya viatu. Vimiminika vyake huila mpaka pabaki pango. Gundi nyeupe inatosha, iache siku mbili. Ziba nyufa kwa jasi, acha ikauke, kisha paka kila kitu rangi ya maji ya kahawia yenye wekundu. Doa jeupe la jasi litaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, doa la kahawia halitaonekana.

Udongo uwe udongo. Nilihangaika na unga wa rangi mpaka nilipochota udongo mwekundu wenyewe. Ukaushe, uutwange, uuchekeche kwa soksi, kisha ukaange kwenye kikaango kikavu nje ya nyumba kwa dakika 20 ukiugeuza, ili mayai ya wadudu na kuvu vife. Upitishie sumaku mara nyingi kuliko kokoto, kwa kuwa wekundu wa udongo ni chuma, na sehemu yake hunata.

Paka gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu, nyunyizia udongo kupitia chujio, halafu rudi kwenye desturi: ukungu wa maji, kisha gundi, safari hii moja kwa nne, kwa bomba au kwa chupa ya ukungu. Funika reli kwa utepe wa karatasi kabla ya kunyunyizia. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene, ambayo hupasuka ikikauka kama tope la bwawa.

Utaambiwa utumie gundi ya uji wa unga kwa sababu ni bure. Inashika karatasi vizuri, lakini ni chakula. Mende na panya watakuja.

Nyasi, vichaka na mibuyu

Kwa nyasi sijaona kitu kinachoshinda katani. Rangi yake ya asili ni ile ya nyasi za Tsavo mwezi wa Septemba, na ukitaka za masika zichovye kwenye rangi ya kijani iliyozimuliwa. Nyasi za nusu mita kwa 1:87 ni milimita 6, za mita moja ni 11 na ushei. Kata fungu dogo kwa mkasi mkali, chovya kitako kwenye gundi nzito, lisimamishe, lishikilie hesabu ya kumi, kisha litawanye kwa ncha ya kijiti kabla halijashika. Usipande kwa mistari. Nyasi hufuata maji, kwa hiyo zisongamane kwenye mitaro ya pembeni mwa tuta na ziwe haba mgongoni mwake.

Vichaka ni vijiti vilivyokauka vilivyochovywa gundi na kunyunyiziwa majani makavu yaliyosagwa. Mbuyu unastahili jioni nzima: mbuyu wa mita 15 ni sentimita 17, na shina lake linaweza kuwa nene kama dole gumba mbili. Sokota waya wa shaba, gawanya ncha ziwe matawi mafupi manene, vika shina ujiuji wa gundi na jasi, na kabla haujakauka uukunje kwa kijiti upate mikunjo ya ngozi. Toboa ardhi, tia gundi nzito shimoni, usimamishe. Hapa gundi haihitaji maji.

Vumbi

Mwisho kabisa, reli zikiwa zimekauka na treni zinapita, chukua ule udongo wa soksi ulio laini kama poda na brashi laini kavu. Kwenye reli ya zamani upitishe kwenye mataruma, kwenye kokoto na ubavuni mwa reli, kidogo, ukipuliza ziada. Kwenye SGR gusa ukingo wa mabega tu, upande ambao upepo unatokea. Shikisha kwa ukungu mmoja mwepesi wa pombe ya isopropili iliyotiwa matone machache ya kimiminika cha akriliki, ukiwa umeijaribu kwanza kwenye kipande chako cha mbao. Acha usiku kucha, futa uso wa reli.